UZI: Je, ni kilomita zinazopunguza huruma yetu kwa watu wa mbali, au ni jambo jingine?

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mwaka 1972 mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, alichapisha makala aliyoiandika wakati mamilioni ya watu wa Bengali ya Mashariki, nchi ambayo leo ni Bangladesh, walipokuwa wamekimbilia India kwa sababu ya vita na njaa. Hoja yake ni nyepesi kueleweka na nzito kutekelezwa: mtu anayepita kando ya kidimbwi na kumwona mtoto anazama ana wajibu wa kuingia majini hata kama nguo zake zitaharibika, na ikiwa tunalikubali hilo, basi mtoto anayekufa njaa katika nchi ya mbali naye anatudai wajibu uleule, kwa kuwa umbali peke yake haupunguzi thamani ya uhai wa mtu. Hoja hiyo imebishaniwa kwa zaidi ya miaka 50 na mimi sina ugomvi mkubwa na hitimisho lake. Ninachotaka tukijadili ni dhana iliyojificha chini yake, ambayo hata wengi wa wapinzani wake wanaikubali bila kuihoji, kwamba kinachotuzuia kumjali mtu wa mbali ni huo umbali wenyewe.

Kwa maisha ninayoyaona hapa kwetu, dhana hiyo haisimami.

Chukueni msiba wa kawaida wa uswahilini. Pembeni ya turubai huwekwa meza, na nyuma yake anakaa katibu wa kamati akiwa na kaunta buku iliyopigwa mistari kwa rula: jina, taslimu, ahadi. Rambirambi ikiingia kwa simu, katibu huulizana na mwenye namba ili ajue aandike jina la nani, maana jina lililosajiliwa kwenye laini mara nyingi silo ambalo watu wanalijua. Baada ya mazishi husomwa taarifa ya mapato na matumizi mbele ya wote. Sasa sikilizeni majina yanayosomwa. Yumo kijana aliyeko Muscat, karibu kilomita 4,000 kutoka Dar es Salaam, ambaye marehemu alimwona mara ya mwisho akiwa mtoto wa shule ya msingi. Yumo shangazi aliyeko Minneapolis. Wametuma, tena wametuma kabla ya baadhi ya watu wa mtaa uleule. Upande wa pili wa ukuta, katika nyumba ya kupanga, kuna mama ambaye mwanawe amelala na homa kwa wiki nzima, na hakuna aliyebisha hodi, kwa sababu amehamia mwezi uliopita na hayumo katika kikundi chochote cha kufa na kuzikana.

Kilomita hapo zimefanya nini? Hazikufanya lolote. Kilichofanya kazi ni kaunta buku. Wa Muscat ametoa kwa mapenzi, sina shaka, lakini pia ametoa kwa sababu wapo watu wanaoweza kumuuliza kwa nini hakutoa. Mama wa chumba cha jirani hana mtu wa kuuliza kwa niaba yake. Ndiyo maana nasema kwamba mipaka ya huruma yetu huchorwa na swali moja: nani anaweza kutudai maelezo? Macho, picha na umbali ni njia tu za kulifikisha au kulizuia swali hilo.

Mnaweza kuniambia kwamba majaribio ya kisaikolojia yanaonyesha kinyume. Mashuhuri zaidi ni yale ya Stanley Milgram, yaliyoanza mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Yale, ambamo mshiriki aliamriwa kumpiga shoti za umeme mtu aliyekuwa akikosea majibu. Shoti zilikuwa za uongo na mpigwaji alikuwa mwigizaji, ila mshiriki hakulijua hilo. Mpigwaji alipokuwa chumba kingine, washiriki 26 kati ya 40 walifika hadi volti 450. Alipowekwa chumba kimoja na mshiriki, idadi ilishuka hadi 16, na mshiriki alipotakiwa kuukandamiza kwa nguvu mkono wa mwenzake kwenye bamba la chuma, ilishuka hadi 12. Ukaribu ulisaidia, nakubali. Hata hivyo, watu 12 kati ya 40 waliendelea huku wameushika mkono wa mtu anayelia! Linalosahaulika mara nyingi ni kwamba katika toleo jingine la jaribio hilo, mtoa amri alipoondoka chumbani na kuagiza kwa simu, utiifu uliporomoka hadi karibu mtu mmoja kati ya watano. Kumwondoa mwenye kudai maelezo kulibadilisha mambo zaidi kuliko kumsogeza mwenye kuumia.

Sasa tuangalie ramani yetu. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma reli ina zaidi ya kilomita 1,200, lakini kutoka Kigoma hadi pwani ya Kongo ni kulivuka tu Ziwa Tanganyika, ambalo upana wake kwa wastani ni kama kilomita 50. Mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu ikafuata mwezi Februari, waliokimbia walisimulia yaliyowapata kwa Kiswahili, ambacho hakuna hata mmoja wetu angehitaji mkalimani kukielewa. Pamoja na hayo, katika vikundi vyote vya simu nilivyomo, Gaza ilizungumzwa kila siku na Bukavu ilipita kama taarifa ya hali ya hewa. Sisemi kwamba Gaza inapewa zaidi ya inachostahili. Damu ya watu haipimwi kwenye mizani ya aina hiyo. Nasema kwamba Gaza ina watu wanaotuuliza kila Ijumaa, kwa dua, kwa khutba na kwa mchango, tumefanya nini. Bukavu, ambayo iko jirani zaidi na inasema lugha yetu, haina anayeuliza.

Halafu kuna aliye karibu kupita wote, naye ni dada wa kazi. Analala ndani ya nyumba yetu, tunamsikia akikohoa usiku, na bado wapo wanaochangia kwa machozi picha ya mgonjwa wasiyemjua waliyotumiwa kwenye simu, ilhali mshahara wa msichana huyo una miezi miwili haujalipwa. Mgonjwa wa picha amefika na jina, na namba ya kutuma fedha, na orodha ya waliokwisha kuchangia ambayo inazunguka kikundini huku kila mtu akijiongeza chini yake. Msichana wa kazi hana orodha.

Naomba tujadili kwa hoja. Je, nimeupuuza umbali kupita kiasi?

Mkaazi wa Ngara

Ndugu mleta uzi, umeandika kwa ufasaha, lakini umeandika kama mtu ambaye hajawahi kupokea wageni robo milioni.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa hesabu za UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilayani kwetu ndani ya saa 24 hivi. Katika siku zile za mwanzo hakuna aliyekuwa na daftari lolote na hakuna aliyetudai maelezo. Watu wa Ngara walitoa ndizi, walitoa maharage na walifungua nyua zao, kwa sababu waliokuja walikuwa wanatembea mbele ya macho yao wakiwa na watoto mgongoni. Hapo ukaribu ulifanya kazi peke yake, wala hukulitaja hilo.

Lakini ukaribu huohuo ulituchosha. Kambi ya Benaco iligeuka kuwa mji mkubwa kuliko wowote katika eneo letu. Miti ilikatwa kwa ajili ya kuni mpaka mtu akawa anatembea nusu siku kutafuta mzigo mmoja, visima vikakaukiwa, mazao yakaibwa shambani, na katikati ya wakimbizi walikuwamo wauaji wa mauaji ya kimbari waliokuwa wamekimbia pamoja na wale waliookoka mikononi mwao. Kufikia Desemba 1996, serikali ilipotangaza kwamba Wanyarwanda wote warejee kwao hadi mwisho wa mwezi huo, wengi wetu hatukulia. Jirani yule aliyetoa mkungu wa ndizi mwaka 1994 ndiye huyo aliyesimama barabarani mwaka 1996 akihesabu kwa furaha misafara inayoondoka. Si kwamba moyo wake ulibadilika ukawa wa mnyama. Alikuwa amelipia ukarimu wa taifa zima kwa miti yake na maji yake, wakati waliokuwa Dar es Salaam na Geneva wakitusifu kwa ubinadamu wetu kutoka mbali.

Kwa hiyo mimi ningeligeuza swali lako. Umbali hauui huruma, bali huifanya iwe rahisi, kwa kuwa wa mbali huhurumia bila gharama. Aliye karibu anahurumia kwa kuni.

Nesi wa Zamu

Naomba kuleta tukio ambalo wengi wetu tunalikumbuka. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni huko Karatu, na watu 35 walifariki: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Dakika chache baadaye ulipita njiani msafara wa Wamarekani waliokuwa nchini kwa shughuli za kujitolea, baadhi yao wakiwa wahudumu wa afya. Walisimama, wakashuka korongoni, wakakuta miongoni mwa miili watoto ambao bado walikuwa wanapumua. Watoto watatu walinusurika, na mwezi huohuo walisafirishwa kwa ndege hadi Sioux City, jimbo la Iowa, wakatibiwa huko na kurejea nyumbani mwezi Agosti.

Watu wale hawakuwa kwenye kaunta buku ya mtu yeyote wa Karatu. Wangepita, hakuna ambaye angejua. Walisimama kwa sababu waliona. Hivyo, ndugu mleta uzi, nadharia yako ya kudaiwa maelezo inahitaji kulijibu tukio hili.

Nina jambo la pili, nalo linanisumbua zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Mwaka ule nilikuwa wodi ya mifupa katika hospitali ya mkoa mwingine, ambayo haina haja ya kutajwa. Tulikuwa na mtoto mwenye umri kama wa wale watatu, amegongwa na bodaboda, mguu umefungwa jiwe la kuvutia lililoning'inizwa kwa kamba mwisho wa kitanda, na mama yake analala chini ya kitanda hicho kwa wiki ya tano akisubiri fedha za vyuma vya kufungia mfupa. Redio ya wodini ilikuwa ikitangaza safari ya Sioux City, na wote wodini walishangilia, hata mama huyo alishangilia kwa dhati. Hakuuliza kwa nini ndege haikuja kwake. Mimi ndiye niliyeuliza, kimoyomoyo, na sikupata jibu ambalo ningeweza kumwambia. Simlaumu aliyewasaidia wale watatu. Angekuwa mtu wa ajabu anayelalamika kwamba watoto wameokolewa. Ila huruma inayofuata macho itaokoa walio kando ya barabara ya watalii na kumwacha aliye wodi ya nyuma.

Msomi wa Chuoni, Mombasa

Assalaam alaykum. Nichangie kwa upande wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, kwa kuwa suala hili si geni kwa wanazuoni.

Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi pwani yetu, kauli yenye nguvu ni kwamba zaka haihamishwi kutoka mji ilipo mali kupelekwa mji mwingine maadamu mjini hapo wapo wanaostahiki. Mtu anaweza kudhani kwamba hukumu hii inamjali wa karibu kwa kuwa ni wa karibu tu. Sababu waliyoitaja wanazuoni ni nyingine: mafukara wa kila mji huwa wanaiona mali ya mji wao, na matumaini yao yameelekea huko. Haki yao imejengwa juu ya kule wao kukuona wewe, si juu ya wewe kuwaona wao. Ndugu mleta uzi anaweza kuitumia hoja hiyo, maana iko karibu na yake, ingawa sheria haikumwachia tajiri asubiri kuulizwa.

Sadaka ya hiari haina mpaka huo, na inapotokea kwamba mji mmoja hauna wahitaji, zaka yenyewe husafiri. Waliopanga mambo haya walijua kwamba moyo wa mtu haufai kuachiwa peke yake uamue nani apate.

Mpita Njia

Wakuu, tusizunguke sana. Mtu mwenye kipato cha kubangaiza hana wajibu kwa Bangladesh wala kwa Bukavu. Ana wanawe na wazazi wake. Mijadala ya watoto wanaozama inawahusu wenye akiba benki, na mkiwabebesha watu maskini dhambi za dunia nzima, wataacha hata kuchangia msiba wa jirani.

Mleta uzi

Nawashukuru wote, na nianze na Mpita Njia. Singer mwenyewe aliweka kikomo: tutoe pale ambapo hatutoi muhanga kitu chenye uzito unaolingana na kile tunachokizuia. Mtu wa kubangaiza anaweza kukuta kwamba kikomo chake kiko mlangoni pake, na hilo si aibu. Lakini vikundi ninavyovizungumzia vinachangisha mamilioni kwa ajili ya sherehe za harusi na za kumuaga binti, kwa kadi za mchango zenye viwango vya mtu mmoja na vya wawili, kwa hiyo tusisingizie kwamba fedha hazipo kabisa.

Nesi, tukio la Karatu halinipingi kama linavyoonekana. Kusimama barabarani lilikuwa tendo la macho, na ni tendo tukufu. Lakini barabara ile inapitwa na watalii wengi kila siku kuelekea Ngorongoro, na macho ya watalii hayaleti ndege. Waliosimama walikuwa wageni wa shirika lililokuwa likifanya kazi mkoani Arusha kwa miaka mingi, lenye marafiki madaktari na wabunge katika nchi zote mbili, lenye watu wa kupigiwa simu ambao wasingeweza kukataa bila kueleza sababu. Macho yaliwatoa watoto korongoni. Uhusiano uliokuwapo kabla ya ajali ndio uliowafikisha Sioux City. Mama wa wodini kwako alionekana kila siku, na nesi, na daktari, na wageni wa wagonjwa wengine, na kuonekana huko hakukumpa vyuma. Alichokikosa ni hicho kitu cha pili. Sababu uliyokosa ya kumwambia ndiyo hiyo, na nakubali kwamba haimfariji mtu.

Kwa ndugu wa Ngara, maneno yako juu ya kuni yananilazimu kuongeza kitu ambacho hoja yangu ya kwanza haikukigusa. Nilizungumzia wasiotoa kwa sababu hawadaiwi, nawe umewaleta waliotoa bila kusaidiwa na waliowasifu. Huruma ya wengi ilichukuliwa kutoka kwa wachache kwa sababu tu ya mahali wanapoishi. Kama Dar es Salaam ingekuwa na jina lake katika kaunta buku ya Ngara, pengine Desemba 1996 ingekuwa tofauti, ingawa suala la wauaji waliokuwa kambini lisingetatuliwa na mchango wa mtu yeyote.

Na Msomi ametusogeza mbele kuliko mimi nilivyofika. Ikiwa moyo haufai kuachiwa uamue, basi kazi yetu si kuongeza picha za kutia uchungu kwenye simu za watu, kwa maana picha nyingi zimetufanya tuwe wepesi wa kuguswa na wepesi wa kusahau. Kazi ni kuwaingiza walioachwa nje katika taratibu tulizonazo tayari. Nina pendekezo moja, tena dogo. Kambi ya Nyarugusu iliyoko Kasulu imepokea Wakongomani tangu mwaka 1996, na mwaka 2023 mgao wa chakula wa wakimbizi nchini ulipunguzwa hadi nusu kwa ukosefu wa fedha. Kikundi changu cha kufa na kuzikana kina wanachama zaidi ya 60 na hutoza ada kila mwezi. Nitapeleka hoja kwamba katika kaunta buku tuongeze safu ya nne, yenye kiwango kidogo kisichobadilika kwa kila mwanachama, ipelekwe Nyarugusu kila robo mwaka kupitia shirika lenye kibali cha kuingia kambini, na risiti isomwe mbele ya mkutano kama inavyosomwa ya sanda na jeneza. Asiyetoa aulizwe, kama anavyoulizwa asiyetoa ya msiba.

Nesi wa Zamu

Kiwango kisichobadilika ni wazo zuri, kwa sababu hakitegemei nani amepigwa picha wiki hiyo. Ila nakuonya kuhusu mkutano wako: atanyanyuka mtu kuuliza kwa nini fedha ziende Kasulu wakati mwanachama mwenzetu amelazwa. Msimjibu kwa kumdharau, kwa sababu mgonjwa huyo yupo kweli.

Mkaazi wa Ngara

Mimi naunga mkono kwa sharti moja. Mkishaandika safu ya Nyarugusu, gawanyeni mara mbili, na nusu ya pili iende kwa vijiji vya Kasulu vinavyopakana na kambi, kwa miche ya miti na kwa visima. Na risiti ya vijiji isomwe pia.